Historia ya Panzi: kumtibu msichana ni kazi moja, kumlinda ni kazi nyingine

BUKAVU – Katika mji wa Bukavu, Panzi ni jina la mtaa ulio kusini mwa mji, ndani ya komini ya Ibanda. Nje ya Kongo, Panzi ni jina la hospitali. Tangu mwaka 1999, makumi ya maelfu ya wanawake na wasichana waliobakwa wametibiwa hapo. Mwaka 2018 daktari wake mkuu, Denis Mukwege, alipewa tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad, dada wa Kiyazidi kutoka Iraki.

Sehemu hiyo ya historia imesimuliwa mara nyingi. Inayosimuliwa kidogo ni namna hospitali hiyo ilivyolazimika kutambua kwamba chumba cha upasuaji hakitoshi. Msichana anaweza kupona, akaandikiwa ruhusa ya kutoka, akapanda gari la kurudi kijijini, na akamkuta aliyembaka anakaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Wazee walisema kinga ni bora kuliko tiba. Panzi ilianza na tiba, kisha ikaitafuta kinga hatua kwa hatua, na karibu kila hatua ilitanguliwa na msiba.

Lemera, 1996

Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Alisomea udaktari Burundi, akaanza kazi katika hospitali ya Lemera, milimani juu ya bonde la Ruzizi, teritware ya Uvira. Huko aliona wamama wakifika wamechelewa, wengine wakivuja damu baada ya kuzaa bila msaada wowote. Ndiyo iliyompeleka Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi. Alipomaliza alirudi Lemera, na baadaye akawa mkuu wa hospitali.

Tarehe 6 Oktoba 1996, vita vilipokuwa vinaanza, watu wenye silaha waliingia hospitalini Lemera. Wagonjwa waliuawa wakiwa vitandani, na wauguzi nao waliuawa. Waliokufa walikuwa zaidi ya 30. Daktari hakuwepo siku hiyo. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotolewa mwaka 2010 ikiwa na matukio 617 ya uhalifu mkubwa uliotendwa Kongo kati ya 1993 na 2003, inaitaja Lemera. Hakuna mahakama iliyowahukumu waliofanya kazi ile.

Kabla ya siku hiyo wengi walidhani hospitali ni kama kanisa, kwamba hakuna anayeingia na bunduki mahali pa wagonjwa. Lemera iliondoa wazo hilo. Kila kilichojengwa baadaye Panzi, pamoja na ukuta na walinzi wa getini, kilijengwa na watu waliojua kwamba kitanda cha mgonjwa hakina ulinzi wa bure.

Wodi ya uzazi iliyobadilika

Baada ya Lemera, Mukwege alianza upya Bukavu kwa mahema, akitaka wamama wapate pa kuzalia na pa kufanyiwa upasuaji. Vita vya 1998 viliharibu kazi hiyo pia. Mwaka 1999, kwa msaada wa Wapentekoste wa Sweden na chini ya kanisa la CEPAC, hospitali ya Panzi ilianza kupokea wagonjwa.

Mpango ulikuwa wa uzazi. Lakini mgonjwa wa kwanza hakuja kuzaa. Alikuwa amebakwa, kisha akapigwa risasi kwenye sehemu zake za siri. Waganga walidhani ni tukio la peke yake, kitendo cha mtu aliyerukwa na akili. Miezi ilipopita wakaja wengine wengi, kutoka vijiji tofauti, wakiwa na majeraha yanayofanana. Hapo ikaeleweka kwamba ubakaji umekuwa silaha: unamwangusha mwanamke, unamwaibisha mume, unawafukuza watu kwenye shamba na kwenye machimbo, na hautumii risasi nyingi.

Majeraha mengi yalikuwa fistula. Ni tundu linalofunguka kati ya uke na kibofu, au kati ya uke na utumbo mkubwa. Linaweza kuletwa na uzazi uliokwama siku nyingi, na linaweza kuletwa na ukatili. Mkojo au kinyesi hutoka bila mwenyewe kuweza kuzuia. Msichana mwenye fistula hubadilisha kitambaa mchana na usiku, hakai na wenzake kanisani, hapandi gari moja na watu. Mume humwacha. Wengine huambiwa wamelogwa.

Daktari anaweza kulishona tundu hilo. Mgonjwa hukaa na mpira wa mkojo kwa siku kadhaa ili kidonda kifunge, na wengine hurudi mezani mara ya pili, ya tatu au zaidi. Kwa aliyefika mapema kuna msaada mwingine: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na dawa za kuzuia mimba ndani ya siku tano. Kwa mtu wa Shabunda au wa milima ya Mwenga, anayetembea porini siku nzima kabla ya kuiona barabara, saa 72 ni chache sana.

Swali la siku ya kutoka

Kidonda kikishafunga, linakuja swali ambalo halimo katika vitabu vya upasuaji: huyu anaenda wapi?

Kuna aliyekatazwa na mume kurudi. Kuna msichana wa miaka 15 mwenye mtoto mgongoni, mtoto wa aliyembaka, na familia haitaki kumwona mtoto huyo. Kuna ambaye kijiji chake bado kiko mikononi mwa kundi lile lile lililomchukua. Kumwambia mtu kama huyo kwamba amepona, apishe kitanda, ni kumrudisha alikotolewa.

Kwa hiyo karibu na hospitali ilianzishwa Maison Dorcas, nyumba ya kupokea wasiokuwa na pa kwenda. Jina limetoka katika Matendo ya Mitume: Dorkasi alikuwa mama aliyewashonea wajane nguo. Wanaokaa hapo hujifunza kusoma na kuandika, kushona, kusuka vikapu, kutengeneza sabuni. Wengine hutunga nyimbo na kuzirekodi, kwa kuwa yapo maneno ambayo mtu hawezi kuyasema ameketi mbele ya mwanasaikolojia lakini anaweza kuyaimba. Wanaotoka huunganishwa katika vikundi vya akiba na mikopo, zile muso ambazo kila mama wa soko Kivu anazifahamu.

Kutokana na kazi hiyo ilipatikana njia ambayo Panzi huieleza kwa nguzo nne: tiba ya mwili, tiba ya moyo na akili, msaada wa sheria, na kumrudisha mtu katika maisha na kazi. Msingi wake ni rahisi. Msichana asizungushwe ofisi nne akisimulia aibu yake mara nne kwa watu wanne asiowajua. Msaada uje alipo yeye. Mwaka 2008 Fondation Panzi iliundwa ili kuzibeba kazi zinazovuka mipaka ya hospitali.

Februari 2011 ilifunguliwa nyumba nyingine Bukavu, Cité de la Joie, kwa juhudi za Christine Schuler Deschryver, Eve Ensler wa Marekani na Daktari Mukwege. Inapokea wanawake 90 kwa awamu moja, wa miaka 18 hadi 30, kwa miezi sita. Wanafundishwa haki zao, kujilinda, kilimo na kusimama mbele ya watu na kusema. Nia ni kwamba warudi kwao wakiwa viongozi.

Nyumba hizi zimewaokoa wengi, lakini pia zilionyesha ugumu wake. Ndani ya geti msichana analala usingizi. Miezi sita ikiisha, geti linafunguka na yeye anatoka, wakati kijiji chake hakijapitia mafunzo yoyote.

Daktari naye alindwe na nani?

Mwezi Septemba 2012 Mukwege alizungumza New York katika Umoja wa Mataifa, akalaumu dunia na serikali ya Kongo kwa kunyamaza. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 25 Oktoba 2012, watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake Bukavu wakati yeye hayupo. Waliwaweka binti zake chini ya bunduki wakimsubiri. Aliporudi, mlinzi wake, Joseph Bizimana, alijaribu kumkinga, akauawa kwa risasi. Daktari akanusurika, akakimbilia Ulaya pamoja na jamaa yake.

Kilichofuata hakikutoka Kinshasa wala New York. Wamama wa kisiwa cha Idjwi, ambao wengi wao hawana hata dola moja kwa siku, waliandika barua kwa wakubwa kuomba daktari arudi. Barua hazikujibiwa walivyotaka. Wakaanza kuuza mananasi na vitunguu ili kumnunulia tiketi ya ndege, wakaahidi kumlinda wenyewe. Tarehe 14 Januari 2013 alirudi. Watu walijaa kando ya barabara kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu hadi mjini. Tangu hapo aliishi ndani ya uwanja wa hospitali, na askari wa MONUSCO waliwekwa kumlinda.

Waliokuja kutafuta ulinzi kwake ndio waliojitolea kumlinda. Ni jambo la kusifiwa, na kwa upande wa dola ni jambo la kuonea haya.

Kavumu

Kavumu iko kilomita 30 hivi kaskazini mwa Bukavu, teritware ya Kabare. Kuanzia mwaka 2013 Panzi ilianza kupokea watoto wa kike kutoka huko. Si wasichana wakubwa. Ni watoto, na wengine hawajafika miaka miwili.

Visa vilifanana. Usiku watu wanaingia nyumbani wazazi wamelala, wanamchukua mtoto, na baadaye anakutwa shambani au porini akitoka damu. Waganga waliozoea kuona mengi walilia kazini. Walishona, wakatoa damu ya kuongezea, wakawaokoa walioweza kuokolewa. Kisha wiki kadhaa zinapita, mtoto mwingine analetwa kutoka Kavumu ile ile.

Hapo ndipo hospitali ilipofika mwisho wa uwezo wake. Unaweza kuwa na daktari bora duniani na nyumba nzuri ya kulea manusura, lakini kama chanzo kiko wazi kilomita 30 kutoka hapo, unachofanya ni kuokota watoto mmoja mmoja. Katika hotuba yake ya Nobel huko Oslo, Mukwege alieleza kwamba waliamua kwenda kijijini wenyewe. Walipowauliza wanaume kwa nini hawawalindi watoto wao, waligundua kwamba mshukiwa anajulikana. Watu walimwogopa kwa sababu alikuwa mbunge wa jimbo.

Mbunge huyo aliitwa Frederic Batumike. Alikuwa na kundi la silaha lililojiita Djeshi ya Yesu, Jeshi la Yesu. Mahakamani ilielezwa kwamba watu wake waliambiwa na mganga wa kienyeji kuwa damu ya mtoto bikira itawafanya risasi zisiwapate.

Kwa nini ilichukua miaka mitatu? Sheria ilikuwepo. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kijinsia zinaweka kifungo cha miaka 5 hadi 20 kwa mbakaji, na zinataka uchunguzi wa mwanzo uishe ndani ya mwezi mmoja na hukumu itolewe ndani ya miezi mitatu. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto kwa namna ya pekee. Tatizo ni kwamba kila kesi ilifunguliwa peke yake, kama kosa la mtu mmoja kwa mtoto mmoja. Familia moja maskini haiwezi kupambana na mheshimiwa mwenye kinga ya ubunge. Baba wengine walishukiwa wao wenyewe. Mtetezi mmoja wa haki za binadamu aliyefuatilia mambo ya kundi hilo aliuawa mwaka 2016.

Mambo yalibadilika faili zilipowekwa pamoja. Waganga walikuwa wameandika kila jeraha. Avoka na mashirika ya haki za binadamu walionyesha kwamba ni mbinu moja, eneo moja, kundi moja. Mwaka 2016 faili zikahamia kwa mwendesha mashtaka wa kijeshi kama uhalifu dhidi ya ubinadamu, na mwezi Juni mwaka huo Batumike na watu wake wakakamatwa.

Kesi ilisikilizwa Kavumu kwenyewe, Novemba na Desemba 2017. Mahakama ya kijeshi ya Kivu ya Kusini ilihamia kijijini ili wenyeji waone. Swali kubwa likawa namna ya kuwasikia watoto bila kuwaumiza tena. Watoto hawakuletwa mbele ya washtakiwa: maelezo yao yalikuwa yamerekodiwa kwa video na wataalamu waliozoea kuongea na watoto, na mahakama ikaipokea video hiyo. Mashahidi wengine walikuja wamefunikwa kutoka kichwani mpaka miguuni, na sauti zao zikabadilishwa kwa mashine. Jambo dogo kulisema, lakini bila hilo hakuna mama wa Kavumu angethubutu kufungua kinywa huku anajua jioni atarudi nyumbani kwake.

Tarehe 13 Desemba 2017 Batumike na wenzake kumi walihukumiwa kifungo cha maisha. Julai 2018 mahakama kuu ya kijeshi ikathibitisha hukumu hiyo. Fidia iliamuliwa dola 5,000 kwa kila mtoto aliyebakwa. Ombi la familia kwamba dola pia liwajibike kwa kutowalinda watoto lilikataliwa.

Hukumu ya Kavumu iligusa watu mbali, kwa kuwa mbunge aliyekuwa madarakani wakati wa uhalifu alifungwa, na kwa kuwa ushahidi mzito ulitoka mikononi mwa waganga. Karatasi ya hospitali, iliyoandikwa vizuri usiku ule mtoto alipoletwa, ndiyo iliyosimama mahakamani miaka minne baadaye.

Kinachohitajika kila nyumba inayolea wasichana

Kongo ina nyumba nyingi zinazopokea wasichana: hospitali, vituo vya watoto, nyumba za masista, vituo vya mashirika. Zote zinakutana na maswali ambayo Panzi ilikutana nayo. Nani anashika ufunguo wa chumba usiku? Nani anaruhusiwa kumpiga msichana picha, na je, msichana mwenyewe ameulizwa? Hadithi yake ataisimulia mara ngapi kwa wageni wanaokuja na kamera? Akitaka kulalamika juu ya mtu wa ndani ya nyumba, atamwendea nani asiyekuwa chini ya mtu huyo? Na siku ya kutoka, nani amefika kwao kwanza kuona kama mlango uko wazi na kama mbaya wake bado yupo? Nyumba isiyokuwa na majibu imempa msichana kitanda tu.

Hilo linapaswa kusemwa kwa nguvu zaidi leo. Tarehe 30 Juni 2024 MONUSCO ilimaliza kazi yake Kivu ya Kusini. Mwanzoni mwa 2025 msaada wa Marekani uliokuwa unalipia sehemu ya dawa za manusura mashariki mwa Kongo ulikatwa. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Kavumu, kisha Bukavu. Tarehe 14 ya mwezi huo wafungwa walitoka katika gereza kuu la Bukavu na lile la Kabare. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema wakati ule kwamba imepokea maombi ya ulinzi kutoka kwa watu walioteswa na kwa mashahidi, walioogopa kulipiziwa kisasi na wale waliotoroka.

Mtoto aliyeletwa Panzi kutoka Kavumu mwaka 2013 akiwa na miaka miwili, mwaka 2025 alikuwa msichana wa miaka 14. Kidonda chake kilishonwa zamani. Maelezo ya kesi yake yako kwenye faili, fidia yake imeandikwa kwenye hukumu. Anapokwenda kuchota maji jioni, anachohitaji ni kilekile alichohitaji usiku ule: mtu mzima wa kijijini kwake, mwenye mamlaka, ambaye kazi yake ni kuhakikisha anarudi salama nyumbani.